Weka kidole kimoja panapouma: kutafuta chanzo cha ugumu na maumivu kwa mtoto wa jimnastiki

Mtoto akiwa kwenye msamba, yaani ameshuka chini miguu imefunguka kabisa, akasema, "Mwalimu, inauma," namwambia atoke taratibu, akae, kisha aniwekee kidole kimoja mahali panapouma. Wapo wanaofunika paja zima kwa kiganja. Wapo wanaogusa kwa ncha ya kidole sehemu moja tu: juu kabisa chini ya kalio, mbele ya nyonga, au kwenye mfupa wa kiuno. Kiganja mara nyingi ni msuli unaovutika, na hapo tunaweza kupunguza kidogo tukaendelea. Kidole kilichotua juu ya mfupa kinafunga zoezi hilo kwa siku hiyo.

Nafundisha sarakasi na jimnastiki hapa Mbeya, watoto wa miaka saba hadi kumi na saba. Tunafanyia kwenye nyasi, na mvua zikianza tunaazima ukumbi. Magodoro yetu ni magunia ya maranda tuliyofuata kwenye mashine za mbao, juu tumetandika turubai. Karibu kila tatizo ninaloeleza hapa nimelikuta juu ya turubai hilo, na mengi tuliyamaliza bila kifaa chochote zaidi ya ukuta na kamba.

Kwanza jua zoezi linadai nini

Wazazi wengi, na makocha pia, wanadhani mwili ukizidi kuwa laini ndivyo mtoto anavyozidi kuwa hodari. Kila zoezi lina kipimo chake. Kusimama kwa mikono kunataka kifundo cha mkono kikunjike nyuzi 90, na mabega yafunguke mpaka mikono ipite kando ya masikio, yaani nyuzi 180 kutoka ubavuni. Samasoti haihitaji msamba hata kidogo. Inataka mtoto ajikunje haraka kwenye nyonga na magoti, halafu vifundo vya miguu vikunjike vya kutosha anapotua ili magoti yasibebe kishindo chote. Anayebeba wenzake chini ya mnara wa sarakasi anahitaji nguvu ya mapaja na kiuno kilichotulia. Sioni sababu ya kumtesa na msamba.

Msamba kamili wa nyuzi 180 unadaiwa kweli kwenye miruko. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, FIG, zinamtaka mwanamke anayecheza sakafuni aonyeshe angalau mruko mmoja ambao miguu imefunguka nyuzi 180, na ikipungua anakatwa alama. Jimnastiki ya midundo, ile ya utepe, mpira na pete ya kuzungusha, inadai zaidi ya hapo. Kwa mtoto wa halaiki, au anayejifunza sarakasi kwa ajili ya afya na furaha, msamba uliobakiza kiganja kimoja kufika chini unamtosha kabisa. Ukishajua kipimo, utajua pia mahali pa kuacha kuvuta.

"Msamba umegoma, miezi mitatu uko palepale"

Chanzo cha kwanza ninachokitafuta ni baridi. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai nyasi za asubuhi zinauma miguu. Msuli wa baridi ni mkaidi. Ukimwingiza mtoto kwenye msamba saa moja asubuhi ametoka tu kushuka kwenye bajaji, unavuta kitu ambacho hakijawa tayari kuvutwa. Makete na Njombe ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Sisi tunaanza na sweta. Wanakimbia, wanaruka kamba, wanachuchumaa na kusimama, wanatupa miguu mbele na pembeni, dakika kumi hadi kumi na tano. Simwambii mtu avue sweta. Sweta likimtoka mwenyewe kwa sababu ya joto, huyo anaweza kuanza kujinyoosha, na ambaye bado amelishikilia anaendelea kuruka kamba.

Chanzo cha pili ni kipimo cha mazoezi yenyewe. Mtoto anajinyoosha Jumamosi tu, kwa nguvu zote, halafu wiki nzima hakuna. Mwili haujifunzi hivyo. Sekunde 30 kila upande, mara mbili hadi nne, siku tatu au zaidi kwa wiki, zinafanya kazi kubwa kuliko nusu saa ya machozi mara moja.

Cha tatu ni pumzi. Huyu mtazame shingo, utaona imekaza na meno yameumana. Mwili ukiogopa, msuli unajikaza kujilinda, na ukivuta juu ya msuli uliokaza unashindana nao bure. Dawa yangu ni kuhesabu kwa sauti, moja hadi thelathini, akiwa ndani ya msamba. Sauti ikibadilika, ikikatika au akiruka namba, ameenda mbali mno, anapanda kidogo mpaka sauti irudi kama ya mtu anayehesabu viazi sokoni. Siku zote wanaohesabu vizuri ndio wanaoshuka kwanza.

Baada ya hapo jaribu kukaza na kulegeza. Akiwa kwenye msamba wa mbele, mikono imeshika vitalu viwili vya mbao pembeni, akandamize kisigino cha mbele chini kwa sekunde tano au sita kama anayetaka kukiburuta kuelekea kwake. Kisha aachie, avute pumzi, aitoe, ashuke kadiri mwili unavyoruhusu. Mara tatu. Wengi hushuka zaidi kwa upana wa kidole kimoja au viwili siku hiyo hiyo.

Angalia na nyonga. Msamba ukionekana umefika chini lakini nyonga ya nyuma imegeukia pembeni kama mlango uliofunguka, mtoto ameiba. Mfupa wa nyonga wa kulia na wa kushoto yote itazame mbele. Ukimnyoosha sawasawa utakuta alikuwa bado sentimita kumi, na kilichombana si paja la mbele bali sehemu ya mbele ya nyonga ya mguu wa nyuma. Huyo anahitaji zoezi la goti moja chini, kalio limekazwa, nyonga inasukumwa mbele. Kuendelea kumvuta paja la mbele hakumsaidii kitu.

"Inachoma juu, chini ya kalio"

Hapa nina deni la kusema ukweli. Miaka ya mwanzo nilifanya kama nilivyofanyiwa. Kijana wa miaka kumi na nne alikuwa amebakiza kidogo kufika chini, nikamwekea mikono mabegani nikamshusha. Nilisikia mlio, kama kijiti kibichi kinapokatika. Hakulia mara moja. Alinitazama tu, kisha uso ukabadilika. Hakurudi mazoezini kwa zaidi ya miezi mitatu, na kwa wiki kadhaa alikaa darasani kwa upande mmoja wa kalio. Nilimwendea nyumbani kumwomba radhi, yeye na wazazi wake. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika kundi langu anayemkandamiza mwenzake, wala kumkalia, wala kumvuta mguu. Kila mtu anashuka kwa uzito wake mwenyewe, na anapanda anapotaka.

Misuli ya nyuma ya paja inaanzia kwenye mfupa tunaokalia. Kwa kijana anayekua, mahali pale pana gegedu ambalo halijawa mfupa kamili, na kwa wengine haliungani mpaka wamekaribia au kuvuka miaka ishirini. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko msuli unaolivuta. Ukilazimisha, kinachoachia kinaweza kuwa kipande cha mfupa.

Kwa hiyo: maumivu ya kidole kimoja pale, yanayozidi akikaa kwenye benchi gumu au akikimbia, yanamaanisha msamba unasimama. Usivute ili "kukifungua". Kuvuta ndiko kulikoleta tatizo. Kama kulikuwa na mlio, weusi chini ya ngozi, au hawezi kutembea sawasawa, nenda hospitali apigwe eksirei. Kama ni maumivu yaliyoingia polepole, apumzike kujinyoosha sehemu hiyo kwa wiki mbili tatu, na yakipoa aanze na kuimarisha: alale chali, magoti yamekunjwa, anyanyue kiuno na kukishusha polepole. Msamba unakuja baadaye.

Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, nimemkanda na maji ya moto usiku kucha, mbona ndiyo kwanza paja linazidi kuvimba?" Nilimwelewa, ndivyo tulivyolelewa sote. Lakini msuli uliochanika unavuja damu kwa ndani, na joto na kuchua vinaongeza kuvuja. Siku mbili za mwanzo ni kupumzika, kitambaa cha maji baridi dakika kumi na tano kila baada ya saa kadhaa, bandeji isiyobana sana, na mguu juu ya mto. Maji ya moto yasubiri.

Kumkandamiza mtoto kama nilivyofanya mimi hakuko Mbeya peke yake. Uingereza, nchi yenye kumbi nzuri na makocha wenye vyeti, ilimpa mwanasheria Anne Whyte kazi ya kuchunguza jimnastiki yao. Ripoti yake ilitoka Juni 2022, baada ya watu zaidi ya 400 kutoa maelezo, na miongoni mwa mateso yaliyotajwa ni watoto kunyooshwa kupita kiasi huku wakilia. Kocha akikuambia bila machozi hakuna msamba, mchukue mwanao.

"Inabana mbele ya nyonga, kama kuna kitu kimekwama"

Hii hutokea zaidi kwenye msamba wa pembeni. Msuli ukivutika, mtoto anahisi upande wa ndani wa paja. Akihisi kubanwa mbele au pembeni ya nyonga, huo mara nyingi ni mfupa unaogota mfupa, na hakuna kuvuta kunakorefusha mfupa. Mwambie ageuze magoti na vidole vya miguu vitazame juu, na abinue nyonga mbele kidogo, kama anayetoa kalio nje. Kwa watoto wengi kile kibanio hupotea papo hapo, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kimepata njia.

Kisipopotea, kubali. Kikombe cha nyonga hakifanani kwa watu wote, wengine wamezaliwa na kirefu kinachoufunga mfupa wa paja mapema. Mtoto huyo anaweza kuwa mrukaji mzuri sana wa samasoti na msamba wa pembeni usifike chini maisha yake yote. Mwambie wazi, asijione mvivu.

"Kama umeme unashuka mpaka unyayoni"

Ganzi, kuchoma kama sindano, au umeme unaopita nyuma ya goti kushuka kwenye kigimbi: ni mshipa wa fahamu unaovutwa. Mpime hivi: akiwa amekaa ameinamia mguu, anyanyue kichwa. Umeme ukipungua kwa kunyanyua kichwa tu, msuli hauhusiki, maana shingo haijashikana na paja. Mshipa wa fahamu haupendi kushikiliwa ukiwa umevutwa. Kunja goti kidogo, legeza vidole vya mguu, na badala ya kushikilia, afanye miondoko mifupi ya kwenda na kurudi. Umeme ukija hata akiwa amepumzika, au mguu ukikosa nguvu, apelekwe kwa daktari.

"Kiuno kinauma nikipiga daraja"

Tatizo hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu watoto huvumilia na kuficha.

Mtazame kwa pembeni akiwa kwenye daraja, yaani amejipinda nyuma, viganja na nyayo ziko chini na tumbo liko juu. Je, mabega yamefika juu ya viganja, au yamebaki nyuma huku mkunjo wote umelundikana chini, kwenye kiuno? Mgongo unatakiwa uonekane kama upinde. Ukionekana kama kalamu iliyokunjwa katikati, mabega na sehemu ya juu ya mgongo hayafunguki, na pingili mbili za chini zinafanya kazi ya mgongo mzima. Sehemu nyingine inayobana ni mbele ya nyonga: nyonga isipofunguka, kiuno kinalipa.

Tiba ni kuondoa mzigo kiunoni. Weka miguu juu ya gunia la maranda au benchi fupi, mikono chini, kisha asukume kifua kuelekea ukutani. Kiuno kinapumua, mabega yanafunguka. Siku zisizo na daraja, asimame hatua mbili kutoka ukutani, aweke viganja ukutani, ainame azamishe kifua katikati ya mikono. Tumefanya hivyo kwa wiki sita na msichana aliyekuwa anapiga daraja la kalamu, na daraja lake sasa linasimama juu ya mabega. Kiuno hakimuumi tena.

Ila kuna kiuno ambacho si cha kurekebisha kwa mkao. Kujipinda nyuma mara nyingi, pamoja na kutua kwa kishindo, kunaweza kuleta ufa kwenye kipande chembamba cha pingili ya chini. Dalili zake: maumivu yapo upande mmoja au katikati, mtoto anayaonyesha kwa kidole, yanazidi akijipinda nyuma au akitua, yanapungua akiinama mbele au akipumzika. Yakiendelea zaidi ya wiki mbili, usijaribu zoezi lolote la kujipinda, mpeleke hospitali na umweleze daktari kwamba ni mtoto wa jimnastiki. Neno hilo ni muhimu, vinginevyo atapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Ufa ukigundulika mapema, mapumziko ya miezi michache huwa yanatosha.

"Mwezi uliopita nilikuwa nafika, sasa sifiki"

Mpime urefu. Sisi tuna alama za chaki nyuma ya mlango, kila mtoto na herufi yake, kila mwisho wa mwezi. Wasichana wengi hurefuka ghafla kati ya miaka 11 na 13, wavulana kati ya 13 na 15. Mfupa hutangulia, msuli hufuata kwa kuchelewa, na katikati hapo mtoto laini anageuka mgumu. Hajazembea. Ndicho kipindi pia cha maumivu ya kisigino na ya kile kinundu kilicho chini ya goti, kwa sababu misuli iliyokaza inavuta sehemu zinazokua. Punguza kuruka, punguza kuvuta, mlinde tu asipoteze alichonacho. Alama za chaki zikitulia, ulaini hurudi.

"Nikishikiwa mguu unafika sikioni, mwenyewe hauvuki kiuno"

Huyu hana upungufu wa kunyooka, ana upungufu wa nguvu. Kila akinyooshwa zaidi pengo linakua, na mruko wake utabaki mdogo kwa sababu hewani hakuna wa kumshikia mguu. Ainue mguu mwenyewe, ausimamishe sekunde tano pale unapoishia, aushushe polepole. Mara nane kila upande, mgongo ukiwa ukutani ili asidanganye kwa kuegemea nyuma. Wiki chache tu utaona tofauti.

Mtoto aliye laini kuliko wote

Kila kundi lina mmoja. Viwiko vyake vinakunjika kinyume, magoti yanarudi nyuma akisimama, kidole gumba kinalala mkononi, anainama viganja vinagusa chini bila kujipasha. Watu humshangilia na kumtaka apige msamba kila mgeni akija. Viungo vyake vinashikiliwa na kano zilizolegea, na akiendelea kuvutwa huteguka mabega, vifundo na magoti. Mtoto huyu mimi simnyooshi kabisa zaidi ya kumpasha. Kazi yake ni kusukuma, kuning'inia, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Na kila anaposimama afundishwe goti lililonyooka ni lipi, kwa sababu kwake yeye kunyooka na kupitiliza vinahisi vilevile.

Miruko imekuwa mizito siku ya onyesho

Hapa kosa liko kwenye mpangilio. Kukaa kwenye msamba zaidi ya dakika moja kila msuli, halafu kwenda kuruka papo hapo, kunapunguza nguvu ya msuli kwa muda. Kabla ya kuruka, nyosha kwa mwendo: kutupa miguu, hatua ndefu, kuzungusha mabega. Ile minyoosho mirefu ya kutulia iwekwe mwisho, mwili bado una moto, kabla sweta halijarudi mgongoni.

Ambayo hayasubiri wiki mbili

Mlio uliofuatwa na uvimbe au weusi. Mtoto asiyeweza kukanyagia mguu. Maumivu yanayomwamsha usiku. Ganzi kwenye mapaja ya ndani au kushindwa kuzuia mkojo. Kifundo cha mkono kinachouma kila akisimama kwa mikono na kimevimba upande wa kidole gumba. Siku hiyo hiyo, hospitali yenye eksirei, na kama kuna mtaalamu wa mazoezi tiba omba umwone. Mwandikie daktari kwenye karatasi mambo manne: zoezi alilokuwa akifanya, mahali alipoweka kidole, maumivu yalianza lini, na kipi kinayazidisha. Mtoto akiwa mbele ya koti jeupe husema "nimepona", hasa kama Jumamosi kuna onyesho.